Tumbo la Meza

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine hii hapa ni ya mume wangu. Ameniomba nisiichanganye na yangu, maana anasema shikamoo ya mkwe lazima ifike ikiwa nzima, bila kupunguzwa njiani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kiuno kimekuachia, na mama bado anakukataza kubeba magogo nawe bado unamjibu "ndiyo" huku umeshayabeba. Sisi hatujambo. Nikisema hatujambo, baba, nasema kidogo sana. Nina furaha mpaka naona haya.

Najua ungeuliza kwa nini sikupiga simu. Wewe mwenyewe ulisema simu ni ya kuuliza kama mbao zimefika, na maneno ya maana yanahitaji karatasi ili mtu asiweze kuyakana kesho. Haya ninayokuandikia sitaki kuyakana. Barua yako ya mwisho nimeisoma mara tatu, hasa pale ulipoandika habari za mjomba. Nitafika huko. Niache kwanza nijisifu.

Ni mwezi wa nne sasa tangu niondoke na mume wangu, nawe ukajifanya una vumbi jichoni. Mama alinionya kwamba mapenzi ya mwanzo ni kama mkaa mpya, moshi mwingi kuliko moto. Mwambie moshi bado upo, na moto umeshika. Kila asubuhi mume wangu akiamka huniuliza kama nimelala salama, kana kwamba nilisafiri mbali nikarudi. Jioni hurudi na saruji masikioni, mahali pale pale kila siku, nami humtolea kwa ncha ya kitambaa, naye hukaa kimya kama mtoto anayekatwa kucha. Jirani yetu mshonaji anasema tunamchosha. Anasema akitusikia tukicheka ukutani anashona mishono ya kwenda kombo. Nimemwambia aolewe tena.

Sasa meza. Baba, ile meza! Siku lori lilipoileta watu walitoka nje wakidhani kuna msiba au mkutano. Ulitutengenezea meza ya watu kumi na wawili na sisi tuna vyumba viwili. Haikupita mlangoni. Mume wangu aling'oa dirisha zima, fremu na vyote, ikaingia kwa huko kama mwizi, kisha akarudisha dirisha kabla mwenye nyumba hajapita. Ikajaza chumba cha mbele chote. Kutoka kitandani kwenda jikoni tulipita ubavu ubavu, tumbo limebanwa. Tulikula wawili upande mmoja, maana kama kila mtu angekaa kwenye ncha yake ya meza ingebidi tuandikiane barua. Lakini ilikuwa nzuri, baba. Mume wangu alikuwa akipitisha kiganja juu yake akiondoka na akirudi. Hakuweka hata kikombe bila kitambaa chini yake.

Mwezi uliopita alipata kazi. Unajua miaka yote alikuwa chini ya fundi mkuu, kazi zake lakini sifa za mwingine. Safari hii daktari mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alimtafuta yeye mwenyewe, kwa sababu aliwahi kumwona akipanga vigae vya bafu kwa dada yake. Anafungua zahanati, na ukumbi wa kupokelea wagonjwa alitaka kuta zake zivikwe vile vigae vikubwa vya siku hizi. Sio vile unavyovijua wewe, vya kubeba kumi kwapani. Kimoja kikisimama, mume wangu akinyoosha mkono juu hafikii ukingo wake. Upana wake ni kama mlango. Na wembamba wake, baba, ni kidole changu kidogo. Kiinue vibaya kinapinda, kipindishe kidogo zaidi kinalia tak, na umebaki na vipande viwili na aibu moja.

Kigae cha namna ile hakibebwi na mtu mmoja, na wale aliofanya nao kazi walibaki na fundi mkuu. Basi nikabeba mimi. Usikunje uso. Ulinilea nikishika upande wa pili wa kila ubao uliopasua, unataka sasa nisahau? Tuna vishikio vya raba vyenye umbo la bakuli. Unavibandika juu ya kigae, unabana, vinanyonya na kung'ang'ania kama kupe. Yeye anashika viwili, mimi viwili. Anasema moja, mbili, pumua, na kwenye pumua tunainua. Nyumbani hatujagombana hata siku moja, lakini kwenye kigae tumeshagombana mara mia: umewahi, umechelewa, unaangalia nini, nakuangalia wewe. Msimamizi wa jengo alituita Bwana na Bibi Harusi siku ya kwanza, kwa dhihaka. Siku ya tatu aliendelea kutuita hivyo, lakini alikuwa anatushikia mlango.

Vigae vilivyohitajika vilikuwa kumi na vinne. Vilikuja kumi na sita, na muuzaji alituambia wazi kwamba rangi ile imekwisha, mzigo mwingine ukija utakuwa na weupe mwingine. Kwa hiyo tulikuwa na viwili vya kuvunjika na basi. Daktari naye alimwambia mume wangu kwa upole kwamba ukuta ukipungua kigae kimoja, atampigia simu fundi mkuu aje aung'oe wote na kuanza upya kwa vigae vingine. Alisema kwa upole, lakini mume wangu hakula siku ile.

Vigae tisa vilikwenda ukutani vizima. Vitano vilitakiwa kukatwa, vya dirishani na vya kando ya mlango. Hapo ndipo penye kazi. Unaweka rula ndefu juu ya kigae, unaburuta kigurudumu kidogo chenye makali kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, kinaacha mchirizi mwembamba kama unywele, kisha unakibana kwa koleo nacho kinapasuka kwa kufuata mchirizi. Kama kimelala sawasawa. Kama hakikulala sawasawa, ufa unakwenda unakotaka wenyewe. Ndiyo maana mafundi wana meza maalumu ya alumini, ndefu, yenye mihimili chini kila hatua. Tuliyoazimwa mwenyewe aliichukua siku mbili kabla ya kukata. Mume wangu akapanga mbao juu ya mapipa mawili. Mbao zikanesa. Kigae cha kwanza kilikwenda hivyo.

Alikaa chini akakitazama kile kipande. Nami, baba, mdomo wangu unaujua. Nikamwambia tuna meza nyumbani. Akanitazama kama nimetukana. Akasema ile ni meza ya baba. Nikamwambia ndiyo sababu. Nikaapa mbele yake kwamba meza ya baba yangu ni bapa kuliko maji ya beseni, kwamba mimi ni binti wa seremala na najua ninachosema. Dirisha likang'olewa tena. Watu wanne waliibeba hadi zahanati, na msimamizi alipoiona ikiingia akauliza wageni ni wangapi na mimi nimepika nini.

Sasa sikiliza kosa letu, maana nadhani hakuna wengine duniani wangelifanya. Mume wangu hupima kila kitu. Hupima ukuta, hupima sakafu, hupima hata kitanda chetu, akaweka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja. Hawezi kukaa kwenye kiti cha mtu bila kukitikisa kwanza. Lakini meza yako hakuipima. Rula ilikuwa mkononi, pima maji iko mfukoni, na hakuipima. Nilipomuuliza baadaye alisema, akiangalia chini, kwamba kumwekea rula baba mkwe ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Akatandika blanketi jembamba tu, tukalaza kigae, moja, mbili, pumua, akaanza kuburuta kigurudumu. Katikati kilikwenda vizuri. Alipofika mwisho akakandamiza, kigae kikainuka upande wangu kama kinapumua, kisha tak. Ufa ulikwenda mshazari mpaka kwenye kona.

Cha pili hicho. Akiba imekwisha. Vimebaki vitano na vinatakiwa vitano.

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza. Alisema mkono wake ulitetemeka. Aliutazama mkono wake, ule mkono ninaoupenda, kama ni wa mtu mwingine. Kesho yake asubuhi aliondoka kwenda kumweleza daktari na kuzunguka kwa wauzaji wote kutafuta rangi ile, nami nikabaki ukumbini na meza.

Nikachukua rula. Nikailaza juu ya meza kwa urefu, nikapiga magoti, nikachungulia. Baba, niliona mwanga. Rula imekaa katikati, na kwenye ncha zote mbili mwanga unapita, unene wa sarafu mbili kila upande. Nikakaa kwenye sakafu nikacheka, halafu nikalia, maana papo hapo nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kama tisa, nimeshika upande wa pili wa ubao, nikakuuliza kwa nini katikati hupunguzi. Ukaniambia meza ndefu ni kama mtu, uzee ukija itainama yenyewe, kwa hiyo iachie tumbo kidogo sasa, miaka ishirini ya masahani na viwiko italiondoa. Ukasema anayekula halioni tumbo hilo. Kweli, anayekula halioni. Kigae kililiona mara moja.

Kwa hiyo mkono wa mume wangu haukutetemeka. Ulitutengenezea meza ya miaka ishirini na sisi tuliihitaji Alhamisi.

Nilifikiri dakika chache tu. Kisha nikachukua randa. Usiulize bado ni randa gani. Nikapaka rula chaki kama ulivyonifundisha, nikaisugua juu ya meza, na pale chaki ilipobaki ndipo palipoinuka, nikapiga randa. Nikapaka tena, nikasugua tena, nikapiga randa tena. Vanishi yako ilitoka kwanza, ile uliyoipaka mara saba. Harufu ya ule mti ilipotoka nilihisi umesimama nyuma yangu na kalamu sikioni, nikasema kwa sauti kwamba nisamehe baba, na msimamizi aliyekuwa anapita akasema amenisamehe. Sikula mchana. Viganja viliota malengelenge, yakapasuka, nikavifunga kitambaa nikaendelea. Nilipiga randa kwa kufuata nyuzi za mti, sio kinyume, na mkono wa kushoto ukiongoza, vyote kama ulivyotaka. Hakuna mahali nilipong'oa nyuzi. Nakuambia hili kwa kiburi kabisa.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani aliporudi. Hakuwa amepata hata kigae kimoja. Alisimama mlangoni akaona maranda yamenifika vifundoni na meza imekuwa nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye hakuitazama meza. Alikuja akavishika viganja vyangu, akavifungua kitambaa taratibu, akauliza nani atamweleza baba. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kwa nini nimefanya, nikamweleza habari ya tumbo na miaka ishirini. Akaugeuza mkono wake akautazama, akasema, kwa hiyo sio mkono wangu. Nikamwambia sio mkono wako. Baba, ungeuona uso wake pale. Ningepiga randa meza kumi.

Bado alikataa kuweka rula. Niliiweka mwenyewe nikamwambia apige magoti. Akapiga. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akalala hata kifudifudi. Hakuna mwanga. Akasema wembe haupiti hapa.

Tulikata kesho yake. Alitoboa matundu mawili ukingoni akafunga skrubu za kushikia rula, nami nikageuka nisione, kama mama anapopeleka mtoto kuchomwa sindano. Cha kwanza kililala kama kimeambiwa kilale. Kigurudumu kikaenda bila kusimama, sauti moja tu kama kitambaa kikichanwa polepole, na koleo lilipobana, kikapasuka kwa kufuata mchirizi, sawia, mpaka mwisho. Cha pili hivyo. Cha tatu hivyo. Kwenye cha nne mafundi wa umeme waliacha kazi wakaja kutazama. Cha tano, kile chembamba cha kando ya mlango ambacho kila mtu alisema hakitatoka kizima, mume wangu aliniambia nikiburute mimi. Nikasema sitaki. Akasema mkono ulioisawazisha meza ndio unaoijua. Nikaburuta. Kilitoka kizima, baba. Kipo ukutani sasa hivi, upande wa kulia ukiingia, na nikipita hapo natamani kukisalimia.

Daktari alipopokea kazi alivua miwani, akapitisha ukucha kwenye kila kiungo, kuta zote nne, na sisi tumesimama kama watuhumiwa. Alipomaliza aliuliza jina la fundi liandikweje kwenye kibao cha ufunguzi. Mume wangu alitaja lake, halafu akaongeza langu. Kisha, bila kuniambia, akaongeza na lako. Daktari akauliza huyu wa tatu alifanya nini. Akajibiwa alitengeneza meza.

Meza haikurudi nyumbani. Hilo nalo ni la kuungama. Iko kazini kwa mume wangu, ina matundu mawili ukingoni na mpira mwembamba umetandikwa juu, na sisi tunakula chini, masahani kwenye kigoda, magoti yakigusana. Mafundi wawili wameshakuja kuuliza meza ile imetoka wapi, na wanataka zao, ndefu hivyo hivyo, ila bila tumbo. Nimewaambia nitauliza. Sasa nakuuliza. Mume wangu naye kila asubuhi kabla ya kazi anaiwekea rula. Anasema ameshazoea, sasa anampima baba mkwe kila siku na hajamkuta na kosa.

Nimefika, baba. Nimezunguka kurasa zote hizi kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini nimefika.

Ile randa niliyotumia ni ndogo, mti wake mweusi kwa mikono, na upande wa chini ina kovu pale babu alipoiangusha. Ni yako. Ni ile ya babu. Ile uliyoikosa siku ya harusi yangu, ukamwaga sanduku zima la zana mbele ya wageni. Mjomba hakuichukua. Niliichukua mimi, asubuhi ile, nikaifunga ndani ya gauni langu la zamani na kuitia chini kabisa ya begi. Sikutaka kuiba. Niliingia karakana kuaga, wewe hukuwepo, na randa ilikuwa mezani na maranda ya mwisho bado yamo kinywani mwake, ya meza yangu. Nikainusa. Nikaona siwezi kwenda kuishi kwenye nyumba isiyo na harufu ile. Nilikusudia kukuambia jioni, kisha nikacheza muziki, kisha ukalia, kisha gari likaondoka.

Mjomba ndiye aliyepakia mabegi yangu kwenye gari. Aliona uzito wa lile begi akaniuliza kama nimebeba mawe. Nadhani alijua. Na kwa miezi minne umemfungia mlango wa karakana, umeandika kwamba mkono wa shemeji yako ni mrefu, mama anakaa kati yenu bila kumwegemea nduguye wala mumewe, naye mjomba hajafungua mdomo kunitaja. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilijiambia nitanyamaza, yatapita. Mara ya pili nikaona hayatapita. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika kalamu. Mume wangu nilimwambia jana. Alisema ameoa mwizi, akaniomba nisimwibie rula yake, kisha akaniambia hatalala mpaka barua hii imeandikwa. Huyo hapo, anasinzia kwenye kigoda.

Sitaituma randa kwa mtu. Nimeipaka mafuta na kuifunga kwenye lile gauni. Njoo uichukue mwenyewe, na uje na mjomba, kwa sababu meza bila tumbo siku moja itainama na sisi hatujui tutafanya nini siku hiyo, wewe unajua. Mtalala chumba cha mbele. Sasa kina nafasi.

Nisalimie mama, mwambie moshi bado upo. Nisalimie jirani yenu mwenye mashine ya kupasulia mbao. Salamu za mjomba sikuandikii hapa. Barua hii, ukiimaliza, usiikunje. Ipeleke kwake hivyo hivyo ilivyo wazi, mkabidhi mkononi, na usimame hapo hapo mpaka amalize kuisoma.

Ni mimi mwanao, mwenye makosa na furaha,

Chiriku wako